Unauza Land Rover kuukuu Kishushe? Panga malipo kabla ya kutoa funguo

Barabara za Kishushe, kule upande wa Tsavo Magharibi, hazina huruma kwa gari dogo. Ndiyo maana Land Rover ya zamani, hata ikivuja oili na klachi ikiteleza, bado hupata mnunuzi. Shida huja kwenye malipo. Tuchukue mfano: umekubali 620,000, mnunuzi ni wa Mombasa, na anataka kulipa yote kwa simu.

Kwanza jua mipaka. Kwa mara moja mtu hutuma hadi shilingi 250,000, kwa siku hadi 500,000, na akaunti yako haibebi zaidi ya 500,000. Kwa hivyo siku ya kwanza atatuma 250,000 mara mbili, siku ya pili amalizie 120,000. Hapa ndipo wengi hushangaa: ukiwa na 40,000 kwenye simu, ile 250,000 ya pili itakataa kuingia, maana jumla imepita 500,000. Peleka pesa benki kwanza, halafu mwambie atume tena.

Hesabu hiyo ni kinga pia. Mtu akikuonyesha ujumbe kwamba ametuma 620,000 zote mara moja kwa namba yako, huo ni wa uongo, hata uwe umeandikwa vizuri namna gani.

Sasa ubovu wa gari. Mara nyingi mnunuzi hulipa, anapeleka gari kwa fundi Voi, fundi anakuta gia boksi nayo imechoka, ndipo anaanza kudai pesa zirudishwe. Huduma ya kurudisha pesa ni ya aliyekosea namba, si ya aliyebadilisha mawazo. Lakini akidai amekosea, pesa hizo zinaweza kuzuiwa tukichunguza, nawe huna la kuonyesha. Basi fundi aje kabla ya shilingi ya kwanza kutumwa. Andikeni kila kibovu, nani atagharamia spea, bei, na tarehe za malipo. Wekeni sahihi nyote wawili, kila mtu abaki na nakala.

Funguo na logibuku zibaki kwako hadi ile 120,000 iingie. Tunajua ni vigumu kumkatalia mtu aliyekwisha kulipa nusu milioni, hasa akiwa mpole. Kataa tu.

Akimaliza, anzisha uhamisho wa umiliki siku hiyo hiyo kwenye akaunti yako ya NTSA kupitia eCitizen, naye akubali kwa yake. Sheria ya trafiki inakupa siku 7 kumjulisha msajili, na baada ya siku 14 gari halifai kuwa barabarani kwa jina la zamani. Ukizembea, likigonga mtu Maungu mwezi ujao, wewe ndiye unayehesabiwa mwenyewe mpaka uthibitishe vinginevyo. Ada za serikali hulipwa kwa Paybill 222222. Dalali akisema umtumie kwa namba yake "akusaidie", usitume.

Mtandao ukisumbua, fanyeni malipo mkiwa Wundanyi au Voi. Usitegemee kusomewa ujumbe kutoka simu ya mnunuzi. Angalia salio lako mwenyewe, kwa simu yako. Likichelewa kubadilika, mwagizie chai asubiri.