Kutoka Rumonge hadi Antwerp: Kifaransa Hakitoshi

Mtu wa Rumonge, Burundi, hukua na lugha tatu bila kujisifu: nyumbani Kirundi, sokoni na mwaloni Kiswahili, shuleni Kifaransa. Kwa hiyo akipata visa ya Ubelgiji, kwa masomo, kwa ndoa au kwa kumfuata mzazi, huhesabu kwamba mambo ya lugha yamekwisha. Si Wabelgiji hao hao waliotawala Burundi hadi tarehe 1 Julai 1962 na kutuachia Kifaransa? Halafu anafikia Antwerp, Gent au Leuven, anaingia ofisi ya komini na karatasi zake, anasalimu kwa Kifaransa safi, na karani anamjibu kwa Kiholanzi.

Karani huyo hana kiburi, anafuata sheria. Novemba 1962, miezi minne tu baada ya uhuru wetu, Ubelgiji iliweka sheria ya mpaka wa lugha. Kaskazini, yaani Flanders, serikali hufanya kazi kwa Kiholanzi. Kusini, Wallonia, kwa Kifaransa. Brussels kwa zote mbili. Na kipande kidogo cha mashariki hutumia Kijerumani. Ziko komini chache zenye ruhusa maalumu, lakini usizitegemee. Zaidi ya nusu ya Wabelgiji wanaishi Flanders, na ndiko kwenye bandari ya Antwerp na ajira nyingi. Kwa hiyo kabla hujafunga sanduku, uliza swali moja: mji ninaokwenda uko upande gani?

Karatasi nazo zishughulikiwe ukiwa bado Burundi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa au cha kutokuwa na ndoa, na diploma zote zitafutwe mapema, kisha uulize ubalozi wa Ubelgiji ulioko Bujumbura namna zinavyothibitishwa. Kumtuma shangazi komini ukiwa tayari Ulaya ni gharama na ni usumbufu. Watu wa Rumonge wana jambo moja la kuangalia zaidi. Aliyezaliwa kabla ya 2015 cheti chake kinasema mkoa wa Bururi. Mwaka huo Rumonge ikawa mkoa, kwa hiyo diploma iliyotolewa baadaye inaweza kusema mkoa wa Rumonge. Mwaka 2025 mikoa 18 ilipunguzwa ikawa 5, na Rumonge sasa ni komini ya mkoa wa Burunga. Mtu mmoja, mahali pamoja, mikoa mitatu. Karani asiyeijua Burundi anaweza kudhani kuna udanganyifu. Mweleze mapema, kabla hajauliza, na andika jina la mahali kwa herufi zile zile katika kila fomu.

Sandukuni pia kuna habari njema: Umoja wa Ulaya unamruhusu msafiri kuingiza hadi kilo 20 za samaki kwa matumizi yake mwenyewe, kwa hiyo ndagala wakavu wanapita, mradi umewafunga vizuri wasinukie ndege nzima. Nyama na maziwa ni marufuku, hata kidogo. Nanasi na ndizi hazina shida, lakini embe linahitaji cheti cha afya ya mimea, hivyo uliache nyumbani. Ukija kuishiwa, mtaa wa Matonge mjini Brussels, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, una mawese, sombe na samaki wakavu. Antwerp yenyewe ina maduka ya Kiafrika karibu na uwanja wa De Coninckplein.

Ukifika, jiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya siku 8 za kazi. Baada ya hapo polisi wa mtaa, anayeitwa wijkagent, atakuja kuhakikisha kwamba unaishi pale uliposema. Huja bila miadi. Watu wengi wamecheleweshewa kitambulisho kwa sababu jina lao halikuwa kwenye kengele ya mlango: polisi alipita, hakuliona, akaandika kwamba mtu huyo hayupo. Bandika jina lako kwenye kengele na kwenye sanduku la barua siku ile ile unayopokea ufunguo. Kisha jiunge na mituweli ya afya na utafute daktari wa familia. Hospitali huendi moja kwa moja kwa kila homa.

Sasa lugha. Wageni wengi wanaokuja kukaa Flanders hulazimika kufuata mpango uitwao inburgering. Mwaka 2022 uliwekewa sehemu nne: masomo ya Kiholanzi hadi kiwango cha A2, somo la maisha na sheria za nchi, kujiandikisha katika ofisi ya kazi VDAB, na saa 40 za kujichanganya na wenyeji. Tangu Septemba 2023 unalipiwa: euro 90 kwa kila kozi na euro 90 kwa kila mtihani, yaani euro 360 zote pamoja, ingawa wako wanaosamehewa. Mjini Antwerp ofisi inayohusika ni Atlas, mtaa wa Carnotstraat. Watakupima na kukupangia darasa kulingana na shule uliyosoma, kwa hiyo peleka diploma zako. Diploma hizo hizo, kama ni za uuguzi au ualimu, zipeleke NARIC-Vlaanderen zitambuliwe. Usikubali kuanza maisha upya kama mtu asiyesoma. Anayekwenda Uholanzi ajue huko ni kugumu zaidi: sheria iliyoanza 1 Januari 2022 inawataka wengi wafike B1 ndani ya miaka mitatu.

Lugha yenyewe si jini. Wanafunzi hulalamika kwamba kila nomino ya Kiholanzi ina "de" au "het" na hakuna kanuni. Sisi tuliolelewa na ngeli za Kirundi na Kiswahili tunalalamikia nini? Ngeli mbili tu! Tatizo letu liko kwingine. Mrundi aliyezoea kuchanganya R na L, aliyewahi kuchekwa Kigoma kwa sababu hiyo, atachekwa tena, maana "rijst" ni wali na "lijst" ni orodha. Fanya mazoezi kwa sauti, peke yako chumbani, hadi ulimi ukubali.

Lakini kinachowaponza watu wetu kuliko sarufi ni saa. Mbelgiji akikwambia uje "half acht", neno kwa neno ni nusu nane, naye anamaanisha nusu saa kabla ya nane, yaani 7:30. Mwenye Kifaransa husikia 8:30 na kuchelewa saa nzima. Mwenye Kiswahili ana kazi mbili, kwa sababu 7:30 hiyo kwetu ni saa moja na nusu asubuhi. Barua za miadi hutumia saa 24, kwa hiyo 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Mwombe mtu aandike saa kwa tarakimu, uiweke kwenye simu hapo hapo mbele yake. Hakuna anayekasirika. Kinachokasirisha ni kuchelewa, na miadi ya komini ukiikosa unaweza kusubiri majuma kadhaa kupata nyingine.

Darasani utapata msingi, ila maneno hukaa kinywani dukani. Anzia kwa mwoka mikate. Ukiingia, chukua kikaratasi cha namba mlangoni, usubiri namba yako, hakuna kusukumana. Sema: "Een groot wit, gesneden, alstublieft", mkate mweupe mkubwa, uliokatwa. Anautia kwenye mashine, unatetemeka na kutoka vipande. Atauliza: "Anders nog iets?", kingine? Jibu: "Nee, dank u, dat is alles." Bei haipunguzwi wala hakuna nyongeza, tofauti na kwa mama wa ndagala pale bandarini Rumonge. Akisikia lafudhi yako akahamia Kifaransa au Kiingereza, usimfuate. Mwambie kwa upole: "Ik leer Nederlands." Wengi watafurahi na kupunguza mwendo.

Nyumbani tazama Karrewiet, habari za watoto, soma gazeti la Wablieft linaloandikwa kwa Kiholanzi chepesi, na ufanye mazoezi ya bure ya NedBox. Usione aibu kujifunza kama mtoto. Na jua mapema kwamba Kiholanzi cha darasani si kile cha Antwerp mtaani, ambako wanasema "ge" badala ya "je". Masikio yatazoea.

Mji nao ni darasa, tena la bure. Sint-Annatunnel, njia ya waenda kwa miguu iliyofunguliwa 1933, inapita chini ya mto Schelde, kwenye kina cha mita 31. Ina urefu wa mita 572, na ngazi zake za umeme bado ni za mbao. Vuka, utazame mji kutoka ng'ambo. Aliyekulia ufukoni mwa Tanganyika atashangaa: maji ya mto huu hupwa na kujaa kila siku, kwa takriban mita tano. Paa la jumba la makumbusho la MAS halina kiingilio. Maktaba ya Permeke ina vitabu rahisi na joto, na joto si jambo dogo mwezi Desemba, jua linapozama kabla ya saa kumi na moja jioni. Msimu huo ndio huvunja moyo wengi, kwa hiyo usijifungie ndani. Piga simu nyumbani: wakati wa baridi Rumonge iko mbele kwa saa moja, wakati wa kiangazi saa ni zile zile.

Madarasa ya Kiholanzi hujaa, na orodha ya kusubiri huwa ndefu. Usingoje kitambulisho wala kazi: nenda kajiandikishe katika juma lako la kwanza.