Koni za Msunobari na Kalamu za Kukereza

Msunobari wa aina ya patula, ambao asili yake ni Mexico, hupandwa katika misitu ya Kenya kama ile ya Elburgon na Kinale. Koni zake hung'ang'ania matawi kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtafutaji, akiisha kupata ruhusa, na atazame matawi yaliyokwisha kukatwa. Achague koni nzima, ngumu, zisizoliwa na wadudu.

Koni husuguliwa kwa brashi, kisha huokwa katika oveni kwa joto la digrii 100 hivi, chini ya uangalizi, kwani utomvu hushika moto upesi. Joto huua wadudu na kufungua magamba. Koni hupimwa kwenye mizani mara kwa mara. Uzito ukiacha kupungua, imekauka. Unyevu ukibaki, rezini ya poliyurethani inayomiminwa juu yake hutoa povu, na kazi yote huharibika.

Rezini ikiisha kuganda, kipande hukatwa, hutobolewa, na mrija wa shaba hugandishwa ndani. Ndipo hukerezwa polepole kwa chombo kikali. Mkerezaji asisahau miwani ya kukinga macho, kwa maana magamba huweza kuruka.