Homa ya uti wa mgongo katika chumba cha wanafunzi

SWALI: Daktari, binti yangu ametoka hapa Runingu, anasoma chuo mjini Uvira. Wamepanga chumba kimoja wasichana wanne, wanalala wawili wawili. Nasikia homa ya uti wa mgongo hupenda watu wanaobanana hivyo. Nimrudishe nyumbani? – Mama, Runingu.

JIBU: Mama, mwache binti asome. Ulilosikia ni kweli, lakini wanaougua ni wachache, na kinachoua zaidi ni kuchelewa kufika hospitali.

Vijidudu vya aina kali ya ugonjwa huu hukaa kooni. Wengi huwa navyo wasiugue kamwe, ila huwaambukiza wenzao kwa mate: kukohoa, kubusiana, kulala uso kwa uso. Mwaka 1997, huko Nottingham, Uingereza, wanafunzi wapya wa chuo kikuu walipimwa makoo. Siku ya kwanza ya muhula, karibu 7 kati ya 100 walikuwa navyo. Siku ya nne wakawa 23. Basi madirisha ya chumba chao yafunguliwe, na kila mmoja awe na kikombe na mswaki wake. Chanjo dhidi ya aina A, C, W na Y za vijidudu hivyo ikipatikana, achanjwe.

Sasa nikupeleke Banalia, mkoani Tshopo, uone kuchelewa kunavyoua. Mlipuko ulipotangazwa huko Septemba 2021, wagonjwa walikuwa 261 na 129 kati yao walikwisha kufa. Dawa zikaletwa, wagonjwa wakatafutwa mapema. Hatimaye wagonjwa walipita 2,500, waliokufa wakazidi 200 kidogo tu. Matibabu ya mapema yalichangia sana tofauti hiyo.

Hofu yangu kwa Uvira na bonde lote la Ruzizi ni malaria. Tumeizoea mno hata kila homa tunaipa jina hilo, tunanunua vidonge famasi na kumlaza mgonjwa. Kipimo cha malaria kikionyesha kwamba anayo, bado anaweza kuwa na homa ya uti wa mgongo pia. Mfundishe binti na wenzake dalili: homa ya ghafla, kichwa kuuma kupita kawaida, kutapika, shingo kukakamaa hata kidevu kisiguse kifua, kuchukia mwanga, kusema ovyo, kusinzia bila kuamka vizuri, degedege. Si lazima zije zote. Vipele vyekundu au vya zambarau visivyofifia ukivibonyeza ni hatari kubwa. Kwenye ngozi nyeusi vitazamwe viganjani na ndani ya kope. Ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya saa 24, kwa hiyo wasingoje kupambazuke. Wachukue pikipiki, wampeleke mgonjwa Hospitali Kuu ya Rufaa ya Uvira. Sala ziendelee njiani.

Huko daktari ataomba kuvuta maji ya mgongoni. Familia nyingi hukataa zikidhani mgonjwa atapooza. Sindano hiyo huchomwa kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, haipoozeshi. Ugonjwa wenyewe ndio unaoweza kuacha uziwi na ulemavu.

Akithibitishwa mmoja, wanaolala naye chumbani wajitambulishe kwa daktari siku hiyohiyo wapewe dawa ya kinga. Wasijinunulie wenyewe.

Mama, mpigie binti simu leo, umsomee dalili hizo, naye awasomee wenzake watatu.