Bei ya Nyumba na Kutu ya Nondo

Nyumba inayouzwa karibu na bahari, tuseme Kigamboni au Bagamoyo, ina maswali mawili, na wanunuzi wengi hulipia jibu la moja tu. Itauzika shilingi ngapi? Na je, imesimama kweli?

La bei ni la mthamini. Huangalia hati, ukubwa wa kiwanja, barabara, kisha hulinganisha na nyumba za jirani zilizouzwa karibuni. Benki ndiyo inayomtaka, ingawa ada hutoka mfukoni mwa mkopaji, maana inataka kujua itaambulia kiasi gani ikilazimika kuinadi nyumba. Mjini, sehemu kubwa ya thamani hiyo ni ardhi, nayo haishiki kutu. Ndiyo maana taarifa ya uthamini mara nyingi husema wazi kwamba uimara wa jengo haukupimwa. Wangapi huisoma sentensi hiyo?

Kwa swali la pili, tuingie ndani ya zege. Saruji ina alkali nyingi, pH 12 hadi 13, na katika hali hiyo nondo hujivika utando mwembamba mno unaoikinga na kutu. Chumvi huutoboa. Huletwa na upepo wa bahari, au ilikuwamo tangu siku ya ujenzi kwenye mchanga wa ufukweni ambao haukuoshwa. Utando ukishatoboka, maji na hewa vikifika, chuma huliwa, na kutu inayozaliwa hujaza nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege huvumilia kukandamizwa, kuvutwa halikuwezi. Hupasuka kufuata nondo.

Ufa huo ulionyooka, chini ya linta au boriti, wenye doa la kahawia, ndio anaoutafuta mhandisi anayekagua jengo. Rangi mpya huuficha (na nyumba ya kuuzwa haikosi rangi mpya), kwa hiyo hugonga kwa nyundo ndogo: zege zima hutoa mlio mkali, lililobanduka husikika kama lina uwazi ndani. Penye unyevu hubandika kipande cha foili ukutani, kingo zote zimezibwa kwa selotepu, kwa siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa tu.

Muuzaji hatakukumbusha kazi hii. Mtafute mhandisi wa majengo kabla hujatoa malipo ya awali. Akikuta linta imekwisha, gharama ya kuivunja na kuimwaga upya ni hoja ya kupunguziwa bei, hata kama namba ya mthamini haijasogea.