Kufundisha Joto la Ardhini kwa Ziara ya Masomo Wakati wa Kipupwe: Mfano wa Wilaya za Mbulu na Hanang

Mara nyingi kitabu cha jiografia kinapofika kwenye habari za joto la ardhini, huonyesha picha ya chemchemi inayorusha maji ya moto angani, huku ardhi iliyoizunguka ikiwa imefunikwa na theluji. Picha hiyo hutoka Aisilandi, au katika Hifadhi ya Yellowstone huko Marekani. Mtoto wa Darasa la Tano aliyeko Basotu au Dongobesh huitazama, huistaajabia, kisha hufunga kitabu akiamini kwamba mambo hayo ni ya nchi za mbali. Kumbe mtoto huyo anaishi kandokando ya Bonde la Ufa, na mlima auonao kila asubuhi akienda shule ulijengwa na volkano.

Katika makala haya tunakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi anavyoweza kulifundisha somo hili kwa kuwatoa watoto nje ya darasa, hasa katika majira ya kipupwe. Lakini iko sababu nyingine inayotusukuma. Tarehe 3 Desemba, 2023 ndiyo isiyosahaulika Hanang. Asubuhi ya siku hiyo, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Mara uvumi ukaenea kwamba volkano imelipuka. Wataalamu waliouchunguza mlima walieleza kuwa haikuwa volkano, bali sehemu ya mlima iliyolowa maji ilikuwa imemeguka. Uvumi wa namna hiyo hustawi pale ambapo elimu haikufika. Mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuwa na jibu.

1. Mambo ambayo mwalimu ayaelewe kwanza

Ndani ya ardhi mna joto. Kwa kawaida, kila tunapoteremka kilometa moja, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 hivi za Selsiasi. Mahali ambapo gamba la dunia limepasuka na kuwa jembamba, kama katika Bonde la Ufa, joto hilo huwa karibu zaidi na uso wa ardhi. Pande mbili za bonde hili zinaachana polepole sana, milimeta chache tu kwa mwaka. Lakini mwendo huo mdogo, ukiendelea kwa mamilioni ya miaka, ndio uliofanya kuta kubwa tuzionazo Dareda na kandokando ya Ziwa Manyara.

Maji ya mvua hupenya katika nyufa za miamba, hufika penye joto, kisha hupanda tena. Yakitoka kwa utulivu, tunapata chemchemi ya maji moto ya kawaida. Nchini Tanzania ziko nyingi: tunazo za Maji Moto katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na za Songwe huko kusini magharibi.

Chemchemi irukayo ni jambo la nadra zaidi, kwa sababu huhitaji vitu vitatu kwa pamoja: joto kali, maji ya kutosha, na mfereji mwembamba ndani ya mwamba. Jina lake katika lugha nyingi za dunia limetokana na chemchemi moja ya Aisilandi iitwayo Geysir. Maji yaliyo chini ya mfereji hubanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake, kwa hiyo hayachemki kwa nyuzi 100. Kwa kina cha meta 10 tu, huhitaji nyuzi 120 hivi. Hatimaye yakianza kuchemka, mvuke husukuma nje sehemu ya maji ya juu. Mbano hupungua ghafula. Sehemu ya maji ya chini hugeuka mvuke kwa mara moja, na mvuke huo huyarusha maji angani. Kisha mfereji hujaa tena, na kazi huanza upya. Kwetu Afrika ya Mashariki, mahali pajulikanapo sana kwa chemchemi za namna hii ni kando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya.

Mbulu na Hanang hazina chemchemi zirukazo. Mwalimu aseme hivyo waziwazi, asiwaahidi watoto kitu wasichokwenda kukiona. Lakini wilaya hizi zina alama nyingi za moto na maji vilivyokutana chini ya ardhi, nazo zatosha kwa somo zima.

2. Kwa nini kipupwe?

Tunashauri ziara ifanywe kati ya Juni na Agosti, kwa sababu tatu.

Kwanza, mvua zimekatika, njia zinapitika, na miteremko ni salama zaidi. Pili, maji ya Ziwa Balangida hupungua, na chumvi huonekana ufukoni. Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa kwa mwalimu wa sayansi, hewa ya asubuhi katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang huwa baridi. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Tunachokiita mvuke juu ya sufuria ni matone madogo sana ya maji, yaliyofanyika mvuke ulipokutana na hewa baridi. Hii ndiyo sababu chemchemi za Yellowstone hutoa mawingu mazito zaidi wakati wa baridi kuliko wakati wa joto, ingawa maji ni yale yale.

Mtoto wa Mbulu anao ushahidi huo kinywani mwake. Asubuhi ya Julai akipumua, huona moshi mweupe; saa sita mchana hauoni. Mwalimu aanze na jambo hili. Awapange watoto uwanjani kabla ya kengele ya kwanza, awaambie wapumue, kisha awaulize: "Je, pumzi zenu zina moto?" Wakishajibu na kubishana, wataielewa picha ya theluji na chemchemi bila ya kukariri.

3. Matayarisho

Ziara isiyotayarishwa ni matembezi tu. Mwalimu afanye yafuatayo:

(a) Aende mwenyewe kwanza mahali hapo, akague njia, kivuli, maji ya kunywa na sehemu za hatari.

(b) Apate ruhusa ya mwalimu mkuu na ya wazazi, na awaarifu viongozi wa kijiji. Kwa shule itakayokwenda Maji Moto ya Ziwa Manyara, ruhusa na uongozi wa wenye hifadhi ni lazima, kwani humo mna wanyama wakali.

(c) Amwombe mzee wa mahali hapo aje azungumze na watoto. Wazee wa Kiiraqw na wa Kibarbaig wanayo majina ya mabonde, vijito na mawe, na mara nyingi jina huficha historia. Watoto wamwamkie kwa heshima na wamsikilize mpaka amalize, ndipo waulize.

(d) Awagawe watoto katika vikundi vya watu sita hivi, kila kikundi na kazi yake: kuchora, kupima joto, kukusanya mawe, kuandika maneno ya mzee.

Vifaa ni vichache: kipimajoto, kamba, madaftari, penseli, na debe la maji safi. Maji ya chemchemi na ya maziwa ya Bonde la Ufa yasinywewe ovyo, maana mengi yana madini ya floraidi yaletwayo na miamba ya volkano. Madini hayo yakizidi hutia meno rangi ya kahawia na kudhuru mifupa. Mwalimu alieleze jambo hili kwa upole, kwa kuwa darasani mwake huenda wako watoto wenye meno ya namna hiyo. Wajue kuwa rangi ile haitokani na uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki, na pasiwe na wa kuwacheka.

4. Vituo vya ziara

Kituo cha kwanza: Ziwa Balangida. Ziwa hili liko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, karibu na Mlima Hanang, na halina mto utokao. Maji huingia na madini yake, jua huyakausha, chumvi hubaki. Watu wa eneo hili wamekuwa wakiichota chumvi hiyo tangu zamani. Watoto waulizwe: Chumvi hii ilikuwa wapi kabla haijafika hapa? Kwa nini ziwa lenye mto utokao haliwi la chumvi?

Kituo cha pili: Basotu. Hapa pana mashimo makubwa ya duara, mengine yenye maji. Mashimo haya yalifanywa na miripuko ya kale, wakati moto wa chini ulipokutana na maji yaliyo ardhini. Tazama, mwalimu, jinsi somo linavyojifunga lenyewe: maji yakikutana na moto kidogo kidogo, tunapata chemchemi, yakibanwa katika mfereji mwembamba, hurushwa, yakikutana na mwamba ulioyeyuka, ardhi hupasuliwa.

Kituo cha tatu: chini ya Mlima Hanang. Mlima huu una urefu wa zaidi ya meta 3,400 juu ya usawa wa bahari. Watoto wauchore kutoka upande mmoja, waonyeshe kilele, makorongo na njia za maji. Makorongo ndiyo funzo kubwa la kituo hiki, nasi tutalirudia hapa chini.

Shule isiyo na gari isikate tamaa. Kituo kimoja kinachofikika kwa miguu, kikitazamwa vema, chashinda vituo vitatu vilivyopitiwa mbio.

5. Majaribio ya darasani

Jaribio la kwanza ni la chemchemi irukayo. Weka maji katika sufuria, tumbukiza faneli ya bati, ile itumiwayo kumiminia mafuta ya taa, mdomo wake mpana ukiwa chini na shingo yake ikitokeza kidogo juu ya maji. Maji yakichemka, mapovu yatakusanyika ndani ya faneli na kuyasukuma maji yatoke kwa vishindo shingoni. Jaribio hili alifanye mwalimu peke yake. Watoto wakae hatua tatu nyuma.

Jaribio la pili ni la kupima maji yachemkayo. Mji wa Mbulu uko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha kuchemka hushuka kwa nyuzi moja hivi kwa kila meta 300. Kwa hiyo kipimajoto kitaonyesha nyuzi 94 hivi, wala si 100. Mwalimu asiyejua hilo atasema kipimajoto kimeharibika. Anayejua atalifanya kuwa somo: mbano wa hewa ukipungua, maji huchemka mapema, mbano ukiongezeka, kama chini ya mfereji wa chemchemi, maji huchelewa kuchemka.

6. Swali gumu

Haitapita ziara ya Hanang bila mtoto kuuliza: "Mwalimu, mlima huu utatulipukia?" Baadhi yetu tungependa kumnyamazisha mtoto kwa kumwambia asiogope. Jibu hilo halitoshi, na kwa mtoto aliyezika ndugu zake ni kama dharau.

Tunashauri mwalimu ajibu kwa hatua. Kwanza aseme lililo kweli: Hanang ni mlima wa volkano ya kale, na yaliyotokea Desemba 2023 hayakuwa volkano. Pili awaonyeshe tofauti. Volkano hutoa majivu, gesi na miamba iliyoyeyuka, na kwa kawaida hutanguliwa na mitetemeko. Mwaka 2007, kabla ya Ol Doinyo Lengai kulipuka kwa nguvu, ardhi ya kaskazini ilitetemeka kwa siku nyingi. Maporomoko ya tope huja na mvua kubwa, nayo hufuata makorongo. Tatu awafundishe la kufanya: mvua ikinyesha sana usiku, watu walio kwenye njia za maji wahamie mahali palipoinuka pembeni, maji ya kijito yakigeuka tope ghafula, au mngurumo ukisikika mlimani, wasingoje kuokoa vyombo.

Ili kulionyesha jambo hili, vikundi virundike udongo juu ya mbao mbili zilizoinamishwa sawasawa, rundo moja likavu na jingine lililoloweshwa kabisa, kisha wagonge mbao polepole. Lakini mwalimu asilitumie jaribio hili kuwalaumu wakulima. Mmeguko ule ulianzia juu mlimani, na si haki kumwambia mtoto kwamba msiba wa kijiji chake uliletwa na jembe la baba yake.

Mtoto asilazimishwe kusimulia aliyoyaona siku ile. Akitaka mwenyewe kusema, asikilizwe, akinyamaza, aachwe.

7. Hitimisho

Joto la ardhini si la kuogopwa tu. Kenya huzalisha umeme kwa mvuke wa Olkaria tangu mwaka 1981, na Tanzania iliunda kampuni ya kuendeleza jotoardhi mwaka 2013. Huenda mmoja wa watoto utakaowapeleka Balangida ndiye atakayekuwa mtaalamu wa kazi hiyo. Lakini hata asipokuwa, atakuwa mtu mzima anayejua kwa nini maji ya ziwa lake ni ya chumvi, kwa nini pumzi yake huonekana asubuhi ya Julai, na mahali pa kukimbilia mvua ikizidi.

Maswali ya kujadiliwa vyuoni

1. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 litakalotangulia ziara ya Ziwa Balangida.
2. Katika eneo la shule yako ya mazoezi, ni alama zipi za volkano au za Bonde la Ufa zinazofikika kwa miguu?
3. Utafanyaje iwapo mzee wa kijiji ataeleza asili ya mlima kwa hadithi isiyolingana na kitabu, nawe hutaki kumvunjia heshima mbele ya watoto?