Picha za Wafalme Katika Jumba la Versailles

Kabla ya kamera kuvumbuliwa katika karne ya 19, watu wengi wa Ulaya walizaliwa, wakaishi, wakafa bila kumwona mfalme wao uso kwa uso. Kwa hiyo wafalme waliajiri wachoraji hodari wawachore kwa rangi. Picha hizo hazikuwa mapambo ya ukutani tu. Zilikuwa kama wajumbe: zilisema kwa niaba ya mfalme mahali asipokuwapo, na hata baada ya kufa kwake. Na kama ilivyo kwa kila mjumbe, hapana budi kuuliza ni nani aliyemtuma, na alitumwa kusema nini.

Mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili ni jumba la Versailles katika nchi ya Ufaransa, karibu maili 12 kutoka mji wa Paris. Mwaka 1623 Mfalme Louis wa 13 alijenga hapo nyumba ndogo ya kupumzikia wakati wa kuwinda. Mwanawe, Louis wa 14, aliipanua ikawa jumba kubwa mno, na mwaka 1682 akahamishia huko serikali yake.

Ndani ya jumba hilo umo Ukumbi wa Vioo, wenye urefu wa futi 240 na vioo 357. Dari yake ilichorwa na Charles Le Brun, naye aligawanya kazi hiyo katika picha 30 za kuyasifu matendo ya mfalme. Humo Louis amevaa kama jemadari wa Kirumi, naye yumo katikati ya miungu ya kale, na adui zake wanashindwa. Mjumbe wa nchi ya kigeni aliyepitishwa ukumbini alikuwa amekwisha kuambiwa ukuu wa mfalme kabla hajamfikia. Lakini dari hiyo haikusema lolote juu ya wakulima waliotozwa kodi ili kulipia vita hivyo.

Mwaka 1701 mfalme huyo alichorwa na Hyacinthe Rigaud. Picha yenyewe imewekwa Louvre, katika Paris, na nakala yake imo Versailles. Louis amesimama, amevaa joho la buluu lenye maua ya dhahabu, ameshika fimbo ya enzi, na taji lipo kando yake. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 63, na ugonjwa wa jongo ulikuwa ukimtesa miguu. Hata hivyo miguu iliyochorwa ni ya kijana wa kucheza dansi. Picha hiyo ilikusudiwa apelekewe mjukuu wake, mfalme wa Hispania, lakini ilimpendeza Louis hata akaamua kukaa nayo mwenyewe.

Si kila picha iliyofaulu kutimiza kazi yake. Mwaka 1787 watu wa Ufaransa walikuwa wakinung'unika kwa sababu ya madeni ya serikali, nao walimlaumu Malkia Marie Antoinette kwa anasa zake. Bibi Elisabeth Vigée Le Brun alikuwa ameagizwa amchore malkia kama mama mwema, pamoja na watoto wake watatu. Malkia hakuvaa mkufu wowote shingoni. Kando yake pana kitanda kitupu cha mtoto mchanga, maana binti yake mdogo, Sophie, alikufa mwaka huo huo kabla hajatimiza mwaka mmoja. Huzuni ile ilikuwa ya kweli, lakini watu hawakuridhika. Mapinduzi yakaja mwaka 1789, na tarehe 16 Oktoba, 1793, malkia akauawa. Picha haikuweza kujibu malalamiko yaliyotaka kujibiwa kwa matendo.

Baadaye akatokea Napoleon, aliyevikwa taji tarehe 2 Desemba, 1804, katika kanisa la Notre-Dame. Jacques-Louis David alichora sherehe hiyo katika kitambaa chenye upana wa futi 32 hivi. Picha ya kwanza imo Louvre. Ya pili, ambayo David aliimaliza mwaka 1822 akiwa uhamishoni Brussels, imo Versailles. Katikati ya picha anaonekana mama yake Napoleon ameketi akitazama. Kumbe siku ile mama huyo hakuhudhuria kabisa, alikuwa Italia. Tena, hapo kwanza David alimchora Papa Pius wa 7 mikono yake ikiwa magotini, kisha ikabadilishwa ili mkono mmoja uonekane umeinuliwa kubariki. Mtu akiitumia picha hiyo kama ushahidi wa mambo yalivyokuwa, atapotoka.

Mwaka 1837 Mfalme Louis-Philippe aligeuza sehemu ya jumba kuwa makumbusho ya sifa za Ufaransa. Alitengeneza ukumbi wenye urefu wa karibu futi 400, akatundika humo picha kubwa 33 za vita, kuanzia vita vya Tolbiac vya mwaka 496 hata vya Wagram vya mwaka 1809. Zote ni za ushindi. Vita vya Waterloo vya mwaka 1815, ambavyo Napoleon alishindwa, havimo. Naye Louis-Philippe, aliyetumaini kuwaunganisha Wafaransa kwa fahari ya zamani, alipinduliwa mwaka 1848.

Picha moja zaidi yastahili kutajwa, nayo iko London. Tarehe 28 Juni, 1919, mapatano ya kumaliza vita kuu yalitiwa sahihi katika ule Ukumbi wa Vioo, na William Orpen akaichora shughuli hiyo. Yeye hakuwakuza wakubwa. Amewaweka chini, wadogo, na juu yao vimesimama vioo virefu. Kwa mapatano yale Ujerumani iliyapoteza makoloni yake, pamoja na nchi zinazoitwa leo Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Kati ya waliotia sahihi siku ile hakuwamo hata mtu mmoja wa nchi hizo tatu.

Basi mwenye kutazama picha ya mtawala, iwe ya rangi ya zamani au ya kamera ya siku hizi, na ajiulize maswali matatu. La kwanza: ni nani aliyeiagiza na kuilipia? La pili: ni kitu gani kilichoongezwa, kama mama yake Napoleon? La tatu: ni nani au nini kilichoachwa, kama Waterloo na wakulima wa Louis? Kuuliza hivyo si kumdharau mchoraji, maana ustadi wake wabaki kuwa ustadi. Ni kukumbuka tu maneno ya wazee, kwamba kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.