Wali na Mboga: Anzeni na Sahani, Ndipo Shamba
Kijitabu cha afya kwa kaya za Ubundu

Mama, baba na vijana,

Mpunga uliingia kwetu katika karne ya 19, pamoja na Wangwana na wafanyabiashara walioteremka Lualaba kutoka Nyangwe na Kasongo. Leo ni chakula chetu na ni pesa yetu. Kutoka Ubundu hadi Kisangani ni kilomita 125 za reli, iliyojengwa ili kuyapita maporomoko ya Boyoma, na soko la mjini halikosi mnunuzi wa mchele.

Lakini kaya inaweza kujaza magunia huku watoto wake wakikosa damu. Wali hushibisha na kutia nguvu, ila una madini ya chuma kidogo sana na hauna vitamini A. Kwa hiyo, kabla ya kushika panga na kufyeka, kaeni pamoja mjiulize: tangu mavuno haya hadi yajayo, watoto wetu watakula nini pamoja na wali?

1. Pangeni sahani kwanza

Kila siku mtoto anahitaji vyakula vya aina tatu:

- Vya kutia nguvu: wali, muhogo, makemba, mawese.
- Vya kujenga mwili: samaki, mayai, maharagi, karanga.
- Vya kulinda mwili: lengalenga, matembele, sombe, papai, embe.

Mkivuna, gaweni mpunga kwa utaratibu huu: kwanza mbegu ya msimu ujao, pili chakula cha nyumba, tatu wa kuuza. Baba na mama waamue pamoja, kabla mnunuzi hajafika mlangoni.

2. Mpunga wa nchi kavu

Mpunga wetu mwingi hutegemea mvua, na mvua zetu huwa nyingi mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba.

- Mimineni mbegu ndani ya ndoo ya maji na kukoroga. Zinazoelea ni tupu, ziondoeni.
- Pandeni kwa mstari, mkiacha sentimita 25 hadi 30 kati ya shimo na shimo, mbegu 4 hadi 6 kila shimo. Mstari hurahisisha palizi.
- Palilieni mara ya kwanza wiki 2 hadi 3 baada ya kuota, na tena kabla mpunga haujaanza kutoa masuke. Magugu hula mavuno kuliko ndege.
- Vuneni masuke mengi yakishageuka rangi ya dhahabu. Anikeni juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, mkigeuza mara kwa mara. Punje ikivunjika kwa mlio kati ya meno, imekauka.
- Wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Nafaka au karanga zenye ukungu zisiliwe wala kutengenezewa uji wa mtoto, kwani ukungu fulani hutoa sumu inayoharibu ini.

Baada ya mpunga, pandeni karanga au kunde kwenye shamba hilo. Mazao hayo huirudishia ardhi nguvu, na sahani hupata chakula cha kujenga mwili.

3. Bustani karibu na nyumba

Mpunga huchukua takribani miezi minne. Lengalenga huwa tayari kuchumwa baada ya wiki 3 hadi 4. Bustani ndiyo italisha nyumba mpunga ukiwa bado shambani.

- Inueni tuta kiasi cha sentimita 20 ili mvua kubwa isiozeshe mizizi. Upana wa mita moja unatosha kufikia katikati bila kukanyaga.
- Pandeni tuta jipya la lengalenga kila baada ya wiki mbili, ili mboga isikatike.
- Matembele pandeni kwa vipande vya mashina, na mipapai pembeni mwa kiwanja.
- Samadi iozesheni miezi mitatu kabla ya kuitumia. Kinyesi cha binadamu kisitumike bustanini kamwe, kwani hueneza minyoo na homa ya matumbo.

4. Jikoni

Mchele uliokobolewa hadi kuwa mweupe kabisa hupoteza vitamini B1 nyingi. Msiukoboe kupita kiasi, msiuoshe mara nyingi, na upikeni kwa maji yatakayokauka humo humo.

Lengalenga ioshwe kwa maji safi, ikatwe, ipikwe kwa muda mfupi na mawese kidogo. Mafuta husaidia mwili kupokea vitamini A. Sombe ni kinyume chake: itwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu. Muhogo mchungu nao ulowekwe siku tatu au zaidi. Usiolowekwa vya kutosha unaweza kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu.

Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Kisha apewe uji wenye unga wa karanga, samaki aliyesagwa au mboga iliyopondwa, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Wali uliobaki usilale sufuriani katika joto. Pikeni unaotosha mlo mmoja.

5. Jilindeni shambani

- Anayelala shambani kulinda mpunga dhidi ya ndege alale ndani ya chandarua chenye dawa.
- Vaeni viatu: minyoo ya safura huingia kupitia nyayo na kunyonya damu.
- Dawa za wadudu zikae mbali na chakula na watoto. Chupa zake zisitumiwe tena kwa maji wala mafuta.
- Watoto wasiache shule kwa ajili ya kufukuza ndege. Majirani wapokezane zamu.

6. Msisubiri nyumbani

Mpelekeni mtoto kituo cha afya haraka akiwa na homa, akiharisha, akivimba miguu, akikonda, viganja vikiwa vyeupe, au haoni vizuri jioni. Mjamzito aende kliniki mapema apate vidonge vya kuongeza damu.

Wiki hii fanyeni mambo matatu: tengeni mbegu na chakula cha nyumba kabla ya kuuza, limeni tuta moja la lengalenga, na pandeni mpapai mmoja. Mchele ukienda Kisangani, afya ya watoto ibaki Ubundu.